Chanjo ya mifugo isisubiri ng'ombe waanze kutupa mimba

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mimi nilikuwa na bucha hapa Dodoma mwaka 2007 ile homa ya Bonde la Ufa ilipoingia, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, nyama inaning'inia kutwa nzima hamna hata wa kuuliza bei, watu wote wamehamia kwenye samaki na kuku, na sikuwalaumu maana watu walikuwa wanakufa kweli. Kwa hesabu za WHO Tanzania waliugua 264 wakafariki 109, na Kenya walikuwa wameshaanza tangu mwishoni mwa 2006, wagonjwa 684 vifo 155.

Kilichokuja kuniuma ni kuelewa kwamba huu ugonjwa mvua ndo inautangulia. Kuna mbu wanataga kwenye udongo wa mbugani na mayai mengine yanakuwa na virusi tayari, yanakaa humo makavu hata miaka, sasa ikija mvua kubwa kama ya Elnino mbuga ikajaa maji ndo yanaanguliwa, mbu wanauma ng'ombe na kondoo, ndama na wanakondoo wanakufa, wenye mimba wanazitupa, halafu inakuja zamu yetu tunaochinja na kushika damu, na wale wanaokunywa maziwa mabichi. Garissa kule Kenya 1997 kuingia 1998 ilikuwa hivyohivyo, mafuriko kwanza. Na hiyo 2006 NASA walikuwa wanaangalia joto la bahari na majani kwa setilaiti wakatoa tahadhari wiki kadhaa kabla, yaani tahadhari ilikuwepo jamani!

Sasa TMA, wale wa hali ya hewa, wakishatangaza Elnino tunaambiwa tuhame mabondeni, tuzibue mitaro, tuchemshe maji kwa ajili ya kipindupindu, yote sawa kabisa, lakini mifugo je? Sisi watu chanjo ya homa hii hatuna, ng'ombe wanayo, na inatakiwa wachanjwe mapema kabla ya mvua maana ugonjwa ukishaingia zizini sindano moja ikipita kwa huyu na yule inaweza kuusambaza yenyewe. Hela yake iwekwe humohumo kwenye bajeti ya kujiandaa na mafuriko, na utabiri ukisomwa redioni mfugaji asikie na tarehe bwana mifugo atakayofika kijijini kwake. 2023 ilipotangazwa Elnino nilisikiliza redio kila jioni nikitegemea kusikia habari ya chanjo, mimi binafsi sikuisikia.

Mwenye bucha wa zamani,
Dodoma