Harambee ya Kuwakinga Watoto Wetu Wenye Tatizo la Seli za Masti

Ndugu wazazi, walezi na marafiki wa shule yetu,

Kamati ya wazazi inawaomba mtushike mkono. Baadhi ya wanafunzi wetu wana seli za masti zinazochokozeka upesi mno. Kila mtu anazo seli hizi, kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Ni walinzi wa mwili, na silaha zao ni histamini na kemikali nyinginezo. Kwa watoto hawa kemikali hizo humwagika kwa sababu ndogo tu: joto, baridi, mkanda wa begi kusugua bega, dawa ya maumivu kama ibuprofeni, hata hofu ya mtihani. Mara uso unawaka, mwili unawasha, tumbo linakata. Kesho yake mtoto ni mzima, anacheza. Ndiyo maana wameitwa wadekaji, na wenye mabaka ya kahawia kwenye ngozi wametengwa wakidhaniwa wana ugonjwa wa kuambukiza. Hauambukizi hata kidogo! Inauma kumwona mtoto akiachiwa dawati peke yake kwa jambo kama hilo.

Wengi hupata nafuu kwa dawa za mzio na kuepushwa na vichochezi. Tunachohofia ni siku koo litakapovimba, pumzi ikabana au mtoto akazimia. Hapo kidonge hakitoshi. Inatakiwa adrenalini, idungwe papo hapo upande wa nje wa paja. Mtoto alazwe (akihema kwa shida, aketishwe), gari la wagonjwa liitwe, na asipopata nafuu baada ya dakika 5 adungwe tena. Kwa hiyo sindano ya pili si anasa. Nazo huisha muda, hivyo hatutanunua mara moja tukamaliza.

Michango yenu itanunua sindano zilizojazwa tayari, za miligramu 0.15 kwa wadogo na 0.3 kwa wakubwa, na kugharimia mafunzo ya walimu, wapishi na madereva. Itasaidia pia familia kulipia kipimo cha triptesi, kemikali ya seli za masti inayopimwa kwenye damu. Damu ya kipimo hicho inafaa itolewe ndani ya saa 4 tangu shambulio lianze, na mzazi aliyeshika mtoto mgonjwa hana muda wa kuzunguka akikopa.

Toeni mlichojaaliwa kwa mweka hazina wa kamati. Kila mchango utapewa risiti na hesabu itasomwa kwenye mkutano wa wazazi. Wauguzi mlio miongoni mwetu, tunawahitaji kwenye mafunzo. Na mzazi ambaye mtoto wake ana dalili hizi na hajatuambia, tafadhali njoo. Jina lake halitatangazwa.