Ada ikipanda, Hazina ndiyo italipa

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka ada ya vyuo vikuu vya umma ipande wanasahau inakotoka. Ada ya mnufaika wa mkopo hupelekwa chuoni na Bodi ya Mikopo moja kwa moja, sehemu kubwa ikiwa fedha za Serikali. Tuchukue mfano: ada ipande shilingi 300,000 kwa wanafunzi 10,000, na 7,000 kati yao walipiwe yote kwa mkopo. Chuo kitaandika ongezeko la bilioni 3, ila bilioni 2.1 ni za Hazina ileile! Fungu la mikopo lisipoongezwa, watakopeshwa wachache zaidi, na hapo ndipo watoto wa wakulima huumia. Marejesho ya asilimia 15 ya mshahara huja miaka baadaye, tena kwa aliyeajiriwa. Wizara ichapishe kwanza hesabu hiyo kwa kila chuo, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikiwemo.

Mdau wa elimu ya juu,
Dodoma