Kwa nini risasi zikiadimika tunauza boksi mbili tu kwa mtu

"Kaka, mna tisa leo?" Kuanzia Machi 2020, kwa zaidi ya mwaka mzima, simu za dukani kwetu zilianza na swali hilo kabla hata ya salamu, na kwa watu wetu mtu haruki salamu hivi hivi. Tisa ni risasi ya bastola ya milimita 9, ile inayopigwa kuliko nyingine zote kwenye viwanja vya shabaha hapa Marekani. Kabla ya hapo boksi la risasi 50 lilikuwa dola 10 na kidogo. Mapema 2021 lilifika dola 40, na kuna mahali liliuzwa 50. Baadhi yenu mliniuliza, kwa uchungu, kama tunawakamua. Swali hilo lilinikaa moyoni. Naomba nilijibu kwa kirefu, kwa sababu uhaba wa namna ile ulishatokea kabla ya 2020 na utatokea tena.

Duka letu liko kaskazini mwa Minneapolis. Kiwanda cha risasi cha Federal kiko Anoka, mwendo mfupi tu kwa gari, na kimekuwa pale tangu 1922. Inakuwaje basi duka lililo jirani na kiwanda likae na rafu tupu? Ni kwamba kiwanda hakituuzii sisi. Kinawauzia wauzaji wa jumla na maduka makubwa, nasi tunapanga foleni nyuma yao. Mwishoni mwa 2020 mkuu wa Federal alisema hadharani kwamba oda zinazosubiri zimepita thamani ya dola bilioni 1. Oda tuliyoiweka Septemba mwaka ule kwa muuzaji wa jumla mmoja ilikuja Juni iliyofuata, nusu ya tulichoomba, kwa bei mpya aliyoipanga yeye. Bei mliyoikuta rafuni ilianzia hapo.

Na kwa nini viwanda havikuongeza tu mashine? Risasi ina sehemu nne: ganda, baruti, kichwa kinachoruka, na fataki. Fataki ni kile kikombe kilicho kitakoni mwa ganda, kidogo kama punje ya choroko, kinachogongwa na pini ya bastola. Ndani yake mna kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, kwa hiyo kuitengeneza ni kazi ya hatari inayotaka majengo yake, ulinzi wake na mafundi wake. Wazalishaji wakubwa wa fataki Marekani ni wanne tu: Federal, CCI, Winchester na Remington. Na Remington iliomba ulinzi wa mufilisi Julai 2020, wakati ambapo mahitaji yalikuwa yamepanda kuliko wakati wowote. Kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kilinunuliwa kwa dola milioni 81.4 na kampuni ya Vista Outdoor, iliyokuwa tayari inamiliki Federal na CCI, na ilibidi kianze kuinuliwa upya. Ganda unaweza kulipata, baruti unaweza kuipata, lakini bila fataki huna risasi.

Upande wa wanunuzi hesabu ilikuwa nzito zaidi. Ukaguzi wa FBI kwa wanaotaka silaha ulifika karibu milioni 39.7 mwaka 2020, kutoka milioni 28.4 mwaka uliotangulia. Si kila ukaguzi ni bunduki iliyouzwa, lakini chama cha wafanyabiashara wa silaha kilikadiria kuwa watu milioni 8.4 walinunua silaha kwa mara yao ya kwanza mwaka ule. Tuseme kila mmoja wao alichukua boksi mbili tu za hamsini. Hizo ni risasi milioni 840 ambazo hakuna kiwanda kilichokuwa kimezipangia.

Kisha ikaja hofu. Mteja aliyezoea boksi moja kwa wiki, akiona rafu ina boksi kumi, anachukua zote kumi, na anayeingia nyuma yake anakuta patupu, naye siku akizikuta atafanya vilevile. Tuliyaona hayo 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012, watu walipohofia sheria mpya. Risasi ndogo ya .22 haikuwa hata ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, lakini iliadimika kwa miaka. Hiyo haina fataki ya peke yake. Kemikali yake imo ndani ya ukingo wa kitako, nayo hutengenezwa kwa mashine zake maalumu, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuhamishia laini ya tisa kwenye .22.

Bei imeshuka tangu 2021, ila dola 10 hatujaiona tena; boksi la tisa leo ni dola 13. Mnaopiga 7.62 kwa 39, risasi ya bunduki za aina ya AK-47, mliumia kwa njia nyingine: Septemba 2021 Marekani ilizuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na zile za ganda la chuma zilizokuwa rahisi zikaanza kutoweka. Vita vya Ukraine navyo vimeongeza mahitaji ya baruti duniani.

Kwa hiyo uhaba ukirudi, utaratibu wetu ni huu. Boksi mbili za kila kaliba, yaani kila ukubwa wa risasi, kwa mtu kwa siku. Mzigo uliokwisha ingia dukani haupandishwi bei kwa sababu ya habari za asubuhi. Na kabla ya kupanga rafu tunatenga risasi za darasa la wanaoanza, jambo ambalo sitalilegeza hata nikilaumiwa. Mwaka 2020 niliwauzia watu bastola ambao hawakupata hata risasi ishirini za kujifunzia. Mtu mwenye silaha nyumbani ambaye hajawahi kuipiga ananikosesha usingizi.

Kwa upande wako, ukipiga boksi moja nunua boksi moja, na weka akiba ya miezi mitatu ya kiasi unachopiga kweli. Zoezi la kulenga lifanye kwa .22: risasi mia za tisa ni dola 26, mia za .22 ni dola 8. Ukipiga mia kila wiki unaokoa dola 18, na bastola ya .22 inajilipa ndani ya mwaka. Akiba ikae pakavu, penye kufuli, mbali na watoto. Vyumba vya chini vya Minnesota vina unyevu kiangazi, kwa hiyo tumia kopo lenye mpira mdomoni.

La mwisho ni kwa mnaosafiri kwenda nyumbani. Msibebe risasi kumpelekea ndugu, na begi la uwanjani msiligeuze begi la safari. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni inatosha kukuweka mahabusu Nairobi au Dar es Salaam, kwa kuwa kuwa nayo bila leseni ni kosa la jinai. Lete begi dukani kabla ya safari, tutalikagua nawe bure. Mzigo wa wiki huingia Alhamisi, na rafu zinakuwa tayari saa nane mchana.