Bastola nafuu za nyumbani zipimwe kabla ya kusifiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bastola za bei nafuu zinazotengenezwa nchini na viwanda vichanga, ambazo wengi huzisifu au kuzibeza kabla hazijafyatuliwa hata mara mia moja.

Bei ndogo si kasoro, kwani fremu ya plastiki ngumu hupunguza gharama bila kulazimu kupunguza uimara. Kinachonitia wasiwasi ni upimaji. Tume ya kimataifa ya C.I.P., inayoweka kanuni za kupima usalama wa silaha ndogo na iliyoanzishwa mwaka 1914, imeweka ukomo wa mgandamizo wa gesi wa risasi ya 9x19, aina ya risasi za bastola iliyoenea sana, kuwa bar 2,350 (bar ni kipimo cha mgandamizo), na chini ya kanuni zake kila bastola mpya hujaribiwa kwa risasi maalumu zinazozidi ukomo huo kwa asilimia 30, ndipo hupigwa muhuri. Mnunuzi autafute muhuri wa namna hiyo kabla ya kutazama nakshi.

Niliwahi kushika moja, ikang'aa kwa nje, lakini ukingo wa chemba, yaani tundu risasi inamokaa inapofyatuliwa, ulikuwa umeachwa na ncha kali, na kila ganda la shaba lilitoka likiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Baada ya kumaliza magazini (vibebeo vya risasi) chache ikaanza kukwama. Zaidi ya hapo, na hili nalisisitiza kwa sababu ni suala la uhai, bastola isijifyatue inapoanguka sakafuni.

Nawaomba watengenezaji wapya wachapishe matokeo ya majaribio yao, yakiwemo waliyoshindwa, na waeleze springi na magazini za akiba zitapatikana wapi.

Msomaji wako