Kuzuia namba hakumzuii tapeli

Mhariri,

Anayesumbuliwa na simu za matapeli huambiwa jambo moja tu: "Izuie hiyo namba." Ushauri huo unawafaa wauzaji wa kweli, wale wanaong'ang'ania kukuuzia bima, kwa kuwa namba zao hazibadiliki sana. Kwa tapeli ni kazi bure. Anayepiga kupitia intaneti anaweza kujaza mwenyewe namba itakayoonekana kwenye skrini yako, kama mtu anavyoandika jina lolote la mtumaji nyuma ya bahasha. Leo ni namba ya benki, kesho ni namba inayofanana na yako tarakimu za mwanzo. Ukiizuia, umemzuia mwenye namba asiyejua lolote.

Bipu ya namba ya nchi ngeni, inayoita mara moja na kukatika, Wajapani huiita wangiri. Usiirudie, kwani pesa iko kwenye kupiga kwako.

Hila inayonitia hofu zaidi ni ya kuhamisha simu, kwa sababu haihitaji namba yako ya siri hata kidogo. Mpigaji hujitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akasema laini yako ina hitilafu, kisha akakutajia vya kubonyeza: nyota mbili, 21, nyota, namba fulani, halafu alama ya reli. Hiyo **21*namba# ni amri halali ya mtandao, na kazi yake ni kuzipeleka kwake simu zote zinazokuja kwako. Hushtuki, maana kupiga unapiga na meseji zinaingia kama kawaida. Yeye huku anajaribu kufungua akaunti yako, na panapotakiwa namba ya uthibitisho anachagua isomwe kwa sauti. Simu hiyo inaita kwake.

Kukagua ni rahisi: piga *#21#. Ukiona namba usiyoijua, piga ##21# kuiondoa. Lakini amri hiyo inagusa uhamisho wa moja kwa moja tu. Upo wa laini inapokuwa na mtu (*#67#), usipopokea (*#61#) na simu inapokuwa imezimwa (*#62#). ##002# hufuta zote kwa mpigo, pamoja na ule wa ujumbe wa sauti, hivyo anayeutumia aurudishe baadaye. Mitandao mingi ya simu za mkononi inazitambua amri hizi. Ikigoma, tafuta sehemu ya kuhamisha simu kwenye mipangilio. Futa uhamisho kwanza, ndipo ubadilishe nywila. Ukianza na nywila, namba ya uthibitisho inaweza kuishia kwake tena.

Anayejiita wa benki mkatie, hata akikutajia jina lako kamili. Piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi, ukiibonyeza tarakimu kwa tarakimu. Usiguse iliyo kwenye orodha ya simu zilizoingia. Mpangilio wa kunyamazisha namba ngeni nao ni mzuri, ila anayesubiri simu ya hospitali auache.

Magazeti hukumbusha mara kwa mara kwamba namba ya siri haitolewi. Naomba pembeni ya onyo hilo mchape pia *#21# na ##002#, kwa herufi kubwa.

Fundi wa mitambo ya simu