Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upimaji, Kenya: Ramani za Mto Daua zitoke kabatini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nilifundisha jiografia Rhamu, kaunti ya Mandera. Siku moja nimetandaza ramani ya zamani mezani, mzee mmoja aliyekuja kumwona mwanawe akaweka kidole kwenye kivuko cha Daua. "Mwalimu, hapa havuki mtu siku hizi. Mto ulishahama." Sikuwa na ramani nyingine ya kumwonyesha ulihama lini, wala ulipitia wapi kabla ya hapo.

Ramani hizo zilichorwa, tena kwa jasho. Kapteni Philip Maud, mpimaji wa Uingereza, alipima mpaka wa Kenya na Ethiopia, ambao kwa Mandera hufuata Daua, mwaka 1902 na 1903. Mkataba wa Desemba 1907 baina ya Uingereza na Ethiopia ukauanzishia mpaka pale Daua inapokutana na mto Genale, karibu na mji wa Dolo. Meja Charles Gwynn akapima tena 1908 na 1909, lakini Ethiopia ikaukataa mstari wake. Italia ilipokabidhiwa Jubaland, iliyoko Somalia ya leo, mwaka 1925, mwanzo wa mpaka wetu ukasogea hadi Mandera. Mkataba wa Kenya huru na Ethiopia ulitiwa saini 1970.

Katika nchi kavu kama ile, mpimaji hakuwa na budi kufuata maji. Ndiyo maana ramani zimejaa El, yaani kisima kwa Kisomali, na Malka, yaani kivuko kwa Kiborana: El Wak, Malka Mari. Majina hayo yalitoka vinywani mwa wachungaji, na nasikitika kwamba karatasi inamtaja mpimaji bila kumtaja aliyemwonyesha njia.

Novemba 2023 Daua ilifurika tena, mashamba ya kando ya mto yakaenda na maji. Mto ukijaa hutafuta mikondo yake ya kale. Mwenye shamba ana haki ya kujua kama amelima ndani ya mkondo wa kale.

Kwa hiyo naomba karatasi zote za Daua mlizo nazo, pamoja na picha za angani, ziskaniwe na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Kila moja iandikwe mwaka ilipopimwa, maana mwaka wa kuchapwa hutupotosha. Zilizobaki Uingereza, tuombeeni nakala. Na wazee wa koo za Garre na Degodia waitwe wazisome kabla hawajatuacha.

Tuanze na karatasi ya Rhamu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu