Tuonyeshwe Miche, Si Mimea Iliyochanua Peke Yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalowagharimu sana wenye bustani, nalo ni palizi inayofanywa kabla mpaliliaji hajajua anang'oa nini. Picha nyingi tunazochapishiwa katika kurasa za kilimo huonyesha mmea uliokomaa na kuchanua, ilhali uamuzi wa kuung'oa au kuuacha hufanywa mapema zaidi, wakati mche una majani mawili tu na haufanani hata kidogo na picha hiyo. Hapo ndipo karoti zinapong'olewa pamoja na magugu, na hapo hapo ndipo gugu linapopata kunyweshewa maji na kutiliwa mbolea hadi limwage mbegu.

Kinachowapoteza watu ni yale majani mawili ya mwanzo. Majani hayo, ambayo wataalamu huyaita kotiledoni, yalikuwamo ndani ya mbegu tangu awali, na umbo lake huwa tofauti na la majani halisi yanayofuata. Kabichi, figili na haradali ya porini zote huanza na majani mawili mapana yenye umbo la moyo, kiasi kwamba hata mtu aliyezoea bustani hawezi kuzitenganisha kwa majani hayo peke yake. Nyanya huanza na majani mawili membamba yaliyochongoka, kisha jani lake la kwanza halisi hutoka likiwa limegawanyika pembeni, na ukilisugua kwa vidole hutoa harufu ya nyanya isiyofichika. Mnavu, ambao ni wa ukoo huo huo, hutoa jani halisi lililo zima, lenye umbo la yai, lisilogawanyika. Mchicha, uwe wa kupandwa au wa porini, mara nyingi huwa na wekundu upande wa chini wa majani ya mwanzo, na ncha ya jani lake halisi huwa na pengo dogo ambalo utaliona ukiinama vizuri. Kitunguu nacho huchomoza kikiwa kimejikunja, ncha yake ikiwa bado udongoni, na baadaye ndipo kinaponyooka, wakati nyasi huchomoza zikiwa wima tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasomaji wenzangu ni kwamba mche usioujua uuache mpaka utoe majani halisi mawili au matatu, kisha uuchunguze na kuamua, kwa sharti moja tu, kwamba usiungoje mpaka uchanue.

Gugu karoti linastahili kutajwa peke yake. Asili yake ni mabara ya Amerika, na sasa limeenea Afrika, Asia na Australia, likiwasababishia baadhi ya watu vipele na mwasho mkali wa ngozi, na wengine matatizo ya kupumua. Majani yake yaliyochanikachanika huwafanya wengi waliache katika tuta la karoti. Lakini mche wa karoti huanza na majani mawili marefu na membamba sana, karibu na wembamba wa unyasi, na majani halisi ukiyasugua hutoa harufu ya karoti. Mche wa gugu karoti huanza na majani mafupi ya mviringo, kisha majani yake halisi hutandaa chini yakizunguka kitovu kimoja kabla shina halijapanda juu. Atakayeling'oa avae glavu, na aling'oe kabla ya vile vijiua vyeupe kutokea, kwa kuwa mmea mmoja unaweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu.

Macho peke yake hayatoshi. Mikono nayo ina kazi. Kuna mimea miwili inayotambaa ardhini, yote ikiwa na mashina yenye wekundu, ambayo huchanganywa mara kwa mara: tako la hasani, ambalo huliwa, na gugu moja dogo la jamii ya yuforbia, yaani mimea yenye utomvu kama maziwa, ambalo haliliwi. Vunja shina. Likitoa utomvu mweupe wa maziwa, hilo si tako la hasani, na utomvu huo usiuguse macho wala kinywa chako. Likitoa maji maangavu, na majani yakiwa manene na laini, hapo una sababu ya kuendelea kuchunguza. Vivyo hivyo, ukilizungusha shina la ua la ndago kati ya vidole utahisi pembe tatu, wakati ubua wa nyasi za kawaida ni wa mviringo na una vifundo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu utambuzi ndio unaotuambia namna ya kuliondoa gugu. Ndago ukiivuta kwa nguvu majani hukatika na kuacha udongoni vile viazi vyake vidogo, ambavyo huchipua upya, kwa hiyo yapasa ichimbwe na viazi vyake vifuatwe. Tako la hasani likiachwa juu ya udongo wenye unyevu baada ya kung'olewa, vipande vyake vya shina huweza kutoa mizizi, hivyo yafaa viondolewe kabisa. Kishona nguo hung'oka kwa urahisi kingali kichanga, lakini kikishakomaza zile mbegu nyeusi zenye miiba midogo, ndiyo nguo zetu wenyewe zitakazokisambaza.

Ipo njia rahisi ya kupunguza mashaka haya yote, nayo ni kupanda kwa mistari na kuziweka kando mbegu chache kutoka pakiti ile ile, ukazipanda kwenye kopo lenye udongo safi usio na mbegu za magugu. Miche ya kopo itakuwa shahidi wako. Kinachoota kwenye kopo na kwenye mstari ndicho ulichopanda. Kinachoota kwenye mstari, kati ya mistari na njiani pia, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni gugu.

Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu na kuiachia programu itaje jina. Sipingi, ila jibu lake lichukuliwe kuwa dokezo tu, hasa kwa mche usio na ua wala tunda, na kamwe lisiwe ruhusa ya kuupeleka mmea jikoni. Mnanaha ni sumu kuanzia mzizi hadi mbegu, na ukiwa bado mchanga, kabla ya ua lake jeupe refu na tunda lake lenye miiba kuonekana, majani yake yanaweza kuchumwa kimakosa pamoja na mboga za porini. Asiyeujua mmea kwa hakika asiule, hata kama simu imeutaja jina la mboga.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba kila ukurasa wa kilimo unapoeleza zao au gugu, uchapishe picha tatu: ya mche wenye majani ya mwanzo, ya mche wenye majani halisi, na ya mmea uliokomaa, zikiwa na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Liandikwe pia jina la kisayansi kando ya jina la Kiswahili, kwa mtindo wa majina mawili uliowekwa na Carl Linnaeus mwaka 1753, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kupewa mimea miwili tofauti, mmoja ukiwa wa kuliwa na mwingine wa kuepukwa. Ikiwa nafasi ni finyu, basi picha ya mmea uliochanua ndiyo ipunguzwe, maana huo tunautambua wenyewe.

Wako,
Msomaji mwenye bustani